Watoto Waliopita Kimya Kimya

Mimi ndiye niliyewazuia watoto. Nalisema hili mapema kwa sababu mtaani kwetu watu wana tabia ya kusema "tulidhani", "tulionelea", kana kwamba kosa lilijizalia lenyewe porini. Sisi hatukudhani kitu. Nilidhani mimi, Dympna Hession wa nyumba namba nane, mwanamke wa miaka hamsini na tisa mwenye mdomo unaotangulia miguu, na wengine wakanifuata.

Mtaa wetu una nyumba kumi na nne pembezoni mwa mji mdogo wa Kilbrackan, huku Mayo, magharibi mwa Ireland, ambako mvua haimwombi mtu ruhusa. Bi Attracta Geraghty alikaa namba tisa, ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na dirisha la jiko langu. Hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Alizaliwa kwenye shamba lenye mawe mengi kuliko nyasi, akaacha shule akiwa na miaka kumi na minne, akaolewa na Malachy, seremala mpole aliyezungumza na mbao zaidi ya watu. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, akikunja mashuka ya wagonjwa, na mikono yake ikabaki myekundu mpaka uzeeni. Hawakuwa na watoto. Hilo tulilijua sote na hakuna aliyeligusa. Huku kwetu mtu atakuuliza nyumba uliinunua kwa bei gani na mbona hukuonekana misani, lakini hilo hakuulizi.

Alikuwa na ukali wake. Mpira ukiangukia kwenye maua yake aliurudisha na hotuba juu. Mwaka mzima watoto walimpitia mbali kama wanavyompitia mbwa asiyefungwa. Ila siku moja tu.

Siku ya mwisho ya Oktoba, jioni ya Halloween, wafu wanaporudi makwao kuota moto na watoto wanavaa vinyago kwenda kugonga milango ya watu wakiomba karanga na peremende, hakuna mtoto aliyetaka kwenda kwingine kabla ya kupita kwenye banda la gari la Bi Attracta. Gari lenyewe lilikuwa limeshatolewa nje tangu wiki iliyotangulia. Malachy alisimamisha fremu za mbao, na kazi nyingine yote ilikuwa ya mkewe. Alikuwa na mashuka makuukuu yaliyotupwa na hospitali, ameyatia rangi nyeusi, na aliyatundika yakawa njia nyembamba yenye kona nyingi, hata mtoto akiingia anashika ukuta wa kitambaa na kuvuta pumzi. Kwenye kona kulikuwa na masanduku yenye matundu ya kupenyezea mkono. Ndani ya moja kulikuwa na zabibu zilizomenywa, hayo ni macho. Ndani ya jingine tambi baridi, huo ni utumbo. La tatu lilikuwa na glavu ya mpira iliyojazwa maji na kugandishwa, na huo ulikuwa mkono wa marehemu ambaye jina lake lilibadilika kila mwaka.

Ukitoka kwenye giza hilo unakuta mwanga. Taa zake zilikuwa tanipu, mizizi ya duara mikubwa kama ngumi mbili, zilizokombwa ndani na kuchongwa nyuso za kukunja. Mambo ya maboga, alisema, ni ya televisheni. Matufaha yalining'inia kwenye nyuzi, nawe unafungwa mikono nyuma na kuambiwa uume. Palikuwa na beseni la maji lenye sarafu chini, za kuokota kwa meno. Mwisho kulikuwa na mkate wa zabibu wenye pete ndani, na atakayeikuta pete kwenye kipande chake ataoa kabla mwaka haujaisha. Cathal Durkan aliikuta akiwa na miaka mitano, akalia mpaka kwao kwa sababu hakuwa tayari.

Kelele za humo zilisikika mpaka darajani. Nami sikuzipenda, niseme kweli. Nilikuwa najiuliza, huyu si ndiye mwanamke anayelalamika kengele ya baiskeli ikilia? Jioni hiyo alikuwa akiwachochea. Mtoto akipiga ukelele mdogo alimwambia arudie, hajasikia. Mlango wa banda aliuacha wazi kabisa hata mvua ikiingia, na yeye mwenyewe alisimama pale pale mlangoni akiwapa watoto mgongo na kuitazama barabara. Nilidhani anaangalia magari, watoto wasije wakagongwa.

Malachy alifariki mwezi wa nne, moyo ulisimama akiwa anapiga randa. Tulimlaza nyumbani kwake siku mbili kama desturi, na mtaa mzima ukapanga foleni, wakubwa kwa wadogo, kumshika mjane mkono. Kila mmoja anasema "Pole kwa msiba wako", naye anajibu "Asante kwa kuja", anasogea, anafuata mwingine. Watoto nao walipita kwenye foleni ile, wamechanwa nywele, wakarudia maneno kama walivyofundishwa.

Sasa, nyumba iliyotoa jeneza ina heshima zake. Mwaka ule haiwashi taa za Krismasi. Majirani wanapunguza redio, na ukiwa na sherehe unaifanyia kwingine. Haya sikuyasoma popote, nimeyanyonya kwa mama yangu, na naona fahari kuwa mtu wa kuyakumbusha, maana wazazi vijana wa siku hizi wanajua kila kitu isipokuwa adabu.

Mwezi wa kumi ulipofika nilimwona Bi Attracta akitoa vitu kwenye banda. Nikasema masikini, anaondoa vifaa vya marehemu. Nilimkuta dukani na mifuko mitatu ya matufaha, nikasema atakuwa anaoka, mikono inataka kazi. Jumapili moja baada ya misa aliniuliza kama watoto wa ile familia mpya ya namba kumi na mbili wameshafika umri wa kutembezwa usiku wa Halloween. Nikampigapiga mkono nikamwambia mwaka huu asijisumbue na mambo hayo hata kidogo. Alinitazama kitambo, akafunga koti lake, akaenda zake. Kila kitu alinionyesha, na mimi nilikwishaamua ninachokiona.

Tarehe ishirini na nane niliandika ujumbe kwenye kundi la simu la mtaa. Niliandika kwamba Bi Geraghty yumo katika mwaka wa huzuni, kwa hiyo tuonyeshe utu, watoto wasigonge namba nane wala tisa, na wakipita pale wapunguze sauti. Nyumba yangu niliitia humo ili isionekane nampangia mwenzangu peke yake. Mioyo myekundu ilimiminika. Mama mmoja aliandika kwamba mtaa una bahati kuwa na mtu kama mimi. Nilisoma neno hilo mara tatu.

Jioni yenyewe, saa kumi na moja na nusu giza limeshashika, niliwaona wakija. Kumi na saba, wenye mbawa, wenye mifupa, mmoja kajifunga bandeji mwili mzima na zimeanza kumfunguka. Walipofika usawa wa namba tisa mama zao wakawashika mikono, wakawavusha upande wa pili, na wote wakanyamaza. Hata yule wa bandeji alinyamaza. Mimi nipo dirishani na kikombe changu cha chai, nafsi imetulia kabisa.

Ndipo nikaona mwanga. Mlango wa banda ulikuwa wazi, umefunguliwa wote, na ndani tanipu zilikuwa zinawaka. Kwanza nilikasirika. Nilisema huyu mama atajitia aibu, watu watasemaje, mume hajamaliza hata miezi saba. Nikakaa. Nikaosha kikombe. Nikaosha na sahani zilizokuwa safi. Saa kumi na mbili na nusu nilivaa koti nikavuka barabara.

Alikuwa ameketi kwenye kreti la chupa, na aproni yake. Mashuka yalitundikwa yote. Fremu zilikuwa zimepinda kidogo, maana safari hii hapakuwa na seremala, na mahali pengine alizifunga kwa soksi. Matufaha yalining'inia bila kutikisika. Mkate ulikuwa umekatwa vipande arobaini na kufunikwa kitambaa.

"Wamepita," alisema, hakunipa hata salamu. "Nimewahesabu, kumi na saba. Wamenyamaza kama wanapita dirishani kwa mgonjwa."

"Ni mimi, Bi Attracta. Mimi ndiye niliyewaambia wasikusumbue. Kwa ajili ya Malachy."

"Nani alikwambia nasumbuka?"

Nikasimama hapo koti linanidondoka maji. Nilitegemea anifukuze, na ningeshukuru. Badala yake akasogeza beseni kwa mguu, akaniashiria nikae kwenye kreti jingine, na kwa sauti ile ile ya kunitajia bei ya vitunguu akanieleza jambo ambalo alilibeba miaka hamsini na mitatu.

Alipata mtoto. Ilikuwa Januari ya mwaka sitini na sita, na mtoto alizaliwa ameshakufa. Kwa kuwa hakubatizwa, hakuruhusiwa kulala kwenye makaburi ya kanisa. Hata kumwona hakuonyeshwa. Aliuliza ni wa kike au wa kiume, muuguzi akamwambia afadhali asijue, atasahau upesi. Malachy alitengeneza sanduku usiku, akalifunga nyuma ya baiskeli, na kabla hakujapambazuka akaenda kulizika kwenye kimoja cha viwanja vile vya wasiobatizwa, kati ya miti ya miiba na mawe yasiyo na majina. Viko kila upande huku kwetu na watu wanavizunguka wakilima. Kazi hiyo ilikuwa ya wanaume, mama alibaki kitandani. Malachy alirudi, akanawa mikono, akanywa uji, akaenda kazini. Mkewe alipomuuliza alisema, "Nimemlaza pazuri." Mpaka anakufa hakuongeza neno. Bi Attracta alimuuliza mara ya mwisho mwaka juzi, naye akatoka nje kwenda kuangalia mvua.

Nilikuwa namsikiliza mtu niliyemwona kila siku kwa miaka thelathini kupitia dirisha, na sikuwa ninamjua. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimejipa kazi ya kukitandika.

"Kwa hiyo siwezi kwenda kwake," alisema. "Sipajui. Lazima yeye aje kwangu, na usiku wa kuja ni huu mmoja. Sasa mtoto mchanga anajuaje nyumba ambayo hajawahi kuiona? Mtoto anafuata kelele za watoto wenzake, Dympna. Ndiyo akili yao yote."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama anaamini anakuja. Alisema hajui. Hajui hata kama kule wanakua, ndiyo maana anaweka matufaha magumu na peremende laini pia.

"Na mwaka huu kulikuwa na wa kumshika mkono," akasema. "Ndiyo mara ya kwanza. Malachy anajua alipomwacha. Nilijiambia, safari hii watakuja wawili. Halafu wewe ukanizimia mtaa."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningepata la kufanya, ningejitetea au ningelia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, nami ni mtu niliyewahi kuanguka chini mbele ya askofu. Nikanyanyuka nikamwambia anisubiri.

Watoto walikuwa wameshafika uwanjani nyuma ya mtaa, kwenye moto mkubwa. Nilimtafuta Muireann Durkan, mama yake Cathal, kwa sababu akikubali yeye wengine wanafuata. Nilimwambia awaite watoto, waende kwa Bi Geraghty, anawangoja.

"Lakini wewe ndiye uliyetukataza," alisema.

"Nilikataza, na nilikosea, Mama Cathal."

"Ulikosea vipi?"

Hapo ndipo nilipong'amua ugumu wake. Jambo lenyewe halikuwa langu, nisingeweza kulimwaga mbele ya moto wa watu. Nikamwambia, "Nilikosea tu, mwanangu. Usinifanye nirudie, sijazoea." Akacheka kidogo, akanitazama tena, akaacha kucheka, akaenda kuwaita.

Tuliwapata kumi na mmoja. Wengine walikuwa wamesharudishwa kuogeshwa. Tulitembea nao kwenye mvua wananuka moshi, nami nikitangulia nikijiona nimeshaokoa jahazi. Bi Attracta aliposikia viatu alisimama, akavuta aproni yake ikae sawa.

Cathal aliingia wa kwanza. Ana miaka minane sasa, alikuwa amevaa nguo nyeusi zenye mifupa. Aliliangalia banda, akamwangalia bibi, akavua kinyago, akanyoosha mkono.

"Pole kwa msiba wako, Bibi Geraghty."

Nyuma yake mchawi mdogo akavua kofia. "Pole kwa msiba wako." Halafu yule wa bandeji. Halafu popo wawili, ndugu. Walipanga foleni wenyewe, hakuna aliyewaelekeza, wote kumi na mmoja, na kila mmoja akamshika mkono. Angefanyaje? Alijibu kama inavyopasa kujibiwa. "Asante kwa kuja. Asante kwa kuja." Vidole vyao vilikuwa vinanata kwa peremende.

Kisha wakaingia kwenye njia ya mashuka mmoja mmoja, taratibu. Walitia mikono masandukuni na kusema ni vizuri sana, asante. Waliyauma matufaha bila kusukumana. Msichana mmoja alinong'ona kuomba ruhusa ya kulowesha nywele. Lilikuwa limetulia lile banda kama chumba cha kungojea daktari. Bi Attracta akanigeukia.

"Umewafundisha vizuri," alisema.

Nikawaambia wapige kelele. Wakanitazama. Mimi ni yule yule mama wa namba nane aliyewatuma wazazi wao wawanyamazishe, na mtoto si mjinga, anajua mtego.

"Kelele za msiba au za mchezo?" akauliza Cathal.

"Za mchezo."

"Anza wewe."

Basi nikaenda kwenye sanduku la mkono wa marehemu, nikatia mkono wangu kwenye lile barafu, nikafungua mdomo. Mara ya kwanza kilitoka kikohozi. Sijapiga ukelele tangu nina miaka kumi na miwili, nyumbani kwetu haukuruhusiwa. Mara ya pili ulitoka wenyewe, mkubwa, mbaya, ukaniumiza koo, na nilipoumaliza nikakuta machozi yananitoka. Popo mmoja akacheka. Akacheka na mwenzake. Cathal akapiga wa kwake, mchawi akapokea, na ghafla banda likawa halikaliki, wanapita mbio kwenye mashuka, beseni limepinduka, fremu moja iliyofungwa kwa soksi imelala chini na watoto wawili ndani yake wanapiga mayowe ya raha.

Bi Attracta alikuwa ameshakwenda mlangoni. Alisimama akiwapa mgongo, uso barabarani, mvua inampiga aproni. Nilikwenda nikasimama karibu naye, nikitaka kumshika bega. Akanisogeza kwa kiwiko, bila ukali, nisije nikauziba mlango.

Ilidumu robo saa, labda zaidi kidogo. Kisha wazazi wakaja na miavuli, kesho kuna misa ya Watakatifu Wote, watoto wakapewa kila mmoja kipande chake cha mkate na kuondoka wakipiga kelele mpaka kwenye kona. Pete haikutoka kwa yeyote, vipande vingi vilibaki. Sauti zilipokwisha tulisikia mvua tu kwenye bati.

Aliniuliza watoto wale kumi na saba walipita saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja na nusu. Akauliza sasa ni saa ngapi. Saa mbili kasorobo.

"Muda wa saa mbili na zaidi umepita," alisema. "Kama wawili wangu walipita wakati ule, watakuwa wamedhani si hapa."

Nilitaka kumwambia hapana, wamesikia, wamekuja, kila kitu kimekuwa sawa. Badala yake nikachukua kisu mezani nianze kuyashusha matufaha, angalau nimsaidie kufunga.

"Yaache," aliniambia, macho bado barabarani. "Malachy hajawahi kufika mahali kwa wakati."